Nani Anasikia Turbo

Niliingia idara ya ujasusi mwaka ule Rais mpya alipoingia Ikulu, nikiwa karani wa kupiga taipu. Wakati ule Eldoret ukisema unafanya kazi "ile ofisi", mazungumzo yanakatika na mtu anakumbuka ana ng'ombe wa kukamua. Nyumbani Bungoma nilisema niko kwa serikali. Mama yangu alidhani ni mambo ya mahindi, nami sikumsahihisha.

Vijana wa ofisi niliyoiacha juzi wameniomba niandike kazi ilikuwaje kabla yao. Siri za serikali hawatazipata hapa, na kusema kweli nyingi zilikuwa za kuchosha. Nitaandika juu ya kazi yangu mwenyewe, ambayo hata ndani ya idara wengi hawakujua ni kazi. Sikufuata mtu wala kusikiliza simu ya mtu. Nilikuwa yule wa kujua nani aende wapi, nani anakaribia kustaafu, nani atamrithi, na itachukua miaka mingapi huyo mrithi awe mtu wa kutegemewa.

Aliyenifundisha ni Mzee Bett, Mnandi mrefu mwenye kikohozi kidogo alichokitumia kama nukta mwisho wa sentensi. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mbele ya ukuta uliofunikwa kwa pazia la maua, ambalo mkewe alikuwa amelichoka sebuleni kwao, mtaa wa West Indies. Akalivuta. Nyuma yake palikuwa na ubao mkubwa wenye ramani ya eneo letu lote, na misumari midogo, na kwenye kila msumari kadi ya ofisa mmoja.

"Unaona nini, msichana?"

"Watu wetu, Mzee."

"Hapana. Hao unaweza kuwaona wakija kuchukua chai. Angalia mahali hakuna msumari."

Kila kadi ilionyesha umri, mwaka wa kustaafu, ugonjwa kama upo, mke au mume anakaa wapi, na kwa wino mwekundu, lugha. Siyo lugha ambazo mtu aliandika wakati akiomba kazi, maana hapo kila mtu anajua lugha zote. Mzee Bett alizipima mwenyewe. Alikuwa akikuita, anakupa chai, halafu anamwita mfagiaji au dereva anayejua lugha hiyo aje mpige naye hadithi. Kama hukucheka mahali pa kucheka, wino mwekundu hukupata.

"Mtu anaweza kuelewa maneno na asielewe mzaha," alisema. "Na sisi asiyeelewa mzaha anaweza kutufungia mtu bure." Akakohoa.

Makao makuu Nairobi hayakuuliza lugha. Kila mwanzo wa mwaka walituuliza idadi. Una maofisa wangapi, unataka wangapi. Mzee Bett aliwapa idadi yao, kisha akafunga mlango na tukafanya hesabu yetu halisi, ambayo ilikuwa ya maswali. Huyu wa Timboroa ambaye kila mwaka anaomba transfa kwa sababu ya kifua, tumwache mpaka baridi imuue, au tutafute aliyekulia kwenye baridi ambaye ataona ni kawaida? (Tulimpata mmoja wa Molo. Alifika Timboroa akavua koti.) Huyu mzee wa Kapsabet anastaafu mwakani, na watu wanaomwamini wanamwamini yeye, si idara. Tumtafutie kijana sasa atembee naye, wazoeane, ama tungoje aende tuanze upya? Wakubwa walidhani mtu ni kama balbu: ikiungua unatoa, unaweka nyingine. Mzee Bett alisema mtu wa kazi yetu anaanza kazi siku ile majirani wanasahau kwamba alikuja juzi. Kabla ya hapo anakula mshahara tu.

Alipostaafu aliniachia kiti, ubao na pazia. Nilikuwa nimeshapita kwenye mafunzo na kula kiapo, na ninaruka habari za vyeo kwa sababu hazina ladha. Nilichorithi hasa ni vikaratasi.

Kijana anakuja na kikaratasi kutoka kwa mkubwa wa chama wilayani: "Mtoto huyu ni wetu, msaidie." Mwingine anakuja na kikaratasi cha mkubwa kuliko yule. Chama kilikuwa kimoja na vikaratasi vyake vilikuwa vingi. Wakati huohuo maagizo yalikuja kwamba maofisa wa kutoka Mkoa wa Kati, yaani Wakikuyu, wahamishwe, wapelekwe mbali na eneo letu. Sababu haikuandikwa, na hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Nikatoa kadi zao kwenye misumari mmojammoja. Zilipotoka nilirudi nyuma nikaangalia wino mwekundu. Kutoka Burnt Forest mpaka Turbo, mahali ambapo wakulima na wenye maduka wengi ni Wakikuyu, sikuwa na hata ofisa mmoja anayesikia Kikuyu.

Nikaandikia Nairobi. Wakajibu kwamba nafasi zote zimejazwa. Nikaandika tena kwamba kiti kimejaa lakini sikio halipo. Sikujibiwa, ila bosi wangu, Bwana Mutiso, Mkamba mpole aliyependa suti za rangi ya udongo, aliniambia nipunguze methali katika barua rasmi.

Turbo alipelekwa kijana aliyeitwa Sammy. Alikuja na kikaratasi kizito. Sikumchukia. Alikuwa mchangamfu, msafi, na alitaka sana kufanya vizuri, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Enzi hizo ofisa alipimwa kwa wingi wa ripoti. Usipoleta kitu, unaulizwa kama umelala. Na Turbo, ukitoa malori ya mahindi na ugomvi wa mipaka ya mashamba, kulikuwa na kitu gani cha kuleta?

Asubuhi moja kwenye mkutano wa ofisi, Bwana Mutiso alimsifu Sammy mbele yetu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Turbo, mtu anayeitwa Ndung'u, alikuwa amekamatwa. Alikuwa akikutanisha wazee wa Kikuyu chumba cha nyuma cha duka lake, mlango umefungwa. Walikuwa wamepanga siku ya kuingia kwa watu fulani upande wa Lugari, kwa kundi, na wamesema wazi kwamba hawaendi mikono mitupu. Amehojiwa na amekataa kusema waliokuwa naye wala walikuwa wanaenda kwa nani. Bwana Mutiso akanigeukia. "Nasimiyu, tafuta watu wawili zaidi wa kwenda Turbo. Kunafuka moshi huko."

Nilimngoja Sammy kwenye ngazi.

"Hongera," nikamwambia. "Ulisikia mwenyewe hayo maneno?"

"Nilikuwa na mtu wangu ndani, Madam. Source mzuri sana."

"Alikwambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Na wao walikuwa wanaongea lugha gani?"

Akacheka kidogo. "Si Kikuyu? Sasa hao wataongea nini?"

"Huyo mtu wako anafanya kazi gani?"

"Ni businessman tu. Ako na hardware hapo ng'ambo ya barabara."

Nilishika reli ya ngazi. Sammy alikuwa bado anatabasamu, na nikaona kweli haoni. Alikuwa amempa mshindani wa Ndung'u kazi ya kutafsiri maneno ya Ndung'u.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mutiso. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu nikiketi huwa nalegeza maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nasimiyu, kazi yako ni viti. Mtu akishaketi, hayo ni maneno yangu."

"Ndiyo hiyo kiti nazungumzia, Afande. Ofisa wetu hajui lugha ya kituo chake. Hatujasikia kitu. Tumesikia hardware moja ikisema juu ya hardware ingine."

"Faili inaenda Nairobi mwisho wa wiki ijayo."

"Basi nipe mpaka hapo."

"Nikupe ufanye nini? Wewe si mpelelezi." Akavua miwani akaiweka juu ya meza. "Na huyo kijana unajua ametoka kwa nani. Wacha."

Sikuacha. Nilirudi chumbani kwangu, nikavuta pazia, nikasimama mbele ya ubao. Sikuwa na uwezo wa kufungua uchunguzi. Sikuwa na uwezo wa kumtoa mtu seli. Nilikuwa na uwezo wa jambo moja dogo ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kuliwazia: ratiba ya livu, yaani likizo. Ofisa akienda livu, ni mimi niliyechagua wa kumshikia nafasi. Na Sammy alikuwa ameomba livu mara tatu, akanyimwa kila mara kwa sababu ya upungufu wa watu.

Chini kwenye chumba cha mafaili alikuwepo Konstebo Wambui. Alikuwa amefanya mafunzo yote sawa na wanaume, na akayapita vizuri kuliko wengi wao, kisha akawekwa kupanga mafaili. Alizaliwa Burnt Forest, kwa wazazi Wakikuyu. Aliponusurika katika ile hamahama ya Mkoa wa Kati, ilikuwa ni kwa sababu waliopanga orodha hawakukumbuka kwamba yeye ni ofisa. Hata mimi kadi yake nilikuwa nimeichukulia kama ya karani, msumari wake ukiwa pembeni pamoja na wapishi na madereva.

"Unaweza kwenda Turbo kesho?" nikamwuliza.

"Kupeleka faili?"

"Kukaa. Kumshikia Sammy."

Alinitazama kama mtu anayeangalia chini ya sahani kama kuna kitu kimefichwa. "Madam, mimi? Field?"

"Wewe. Na usiende kama mtu anayetafuta kosa. Nenda ukae na watu usikie. Ukikuta Ndung'u ni mbaya, andika ni mbaya. Nataka tu iwe ni wewe umesikia."

Ratiba ilihitaji sahihi ya bosi. Ningeweza kuichomeka katikati ya karatasi nyingine, lakini sikutaka. Niliipeleka peke yake. Bwana Mutiso alisoma jina la Sammy, akasoma jina la Wambui. Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha Land Rover na ilikuwa inakataa. Alielewa yote. Niliona kalamu inasimama juu ya karatasi.

"Hii ikiharibika," akasema, "ni wewe. Mimi nilitia sahihi livu."

"Sawa, Afande."

Akatia sahihi.

Sammy alifurahi mno. Alinishika mkono kwa mikono miwili akaniambia mimi ni mama wa ofisi.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwa Wambui, kwa kuwa yeye alikuwa na la kufanya. Mimi nilichora mpango wa kustaafu wa wilaya mbili na sikumbuki hata mstari mmoja. Ndung'u alikuwa bado ndani, mahali ambapo hata mimi nisingeruhusiwa kufika. Usiulize aliyoyapata huko. Sikuwepo, na waliokuwepo hawaandiki kumbukumbu.

Wambui alienda kanisani Jumapili, akaketi na akina mama. Hakuhitaji kuuliza sana. Mke wa Ndung'u alikuwa akilia na wengine wakimbembeleza, na habari yote ilimwagika hapo kwenye mabenchi, baada ya ibada, kwa Kikuyu cha kawaida ambacho ofisi nzima ya serikali ilikuwa imekosa mtu wa kukisikia. Mzee mmoja wa hapo, Njoroge, rafiki mkubwa wa Ndung'u, alikuwa na binti. Binti huyo alikuwa ametoroka na kijana wa Kiluhya, fundi wa malori, na alikuwa tayari anaishi kwa wazazi wa kijana huko Lugari, mjamzito. Kwa Njoroge hiyo ilikuwa aibu ya kumfanya mtu asitoke nje. Ndung'u akawakutanisha wazee dukani kwake, mlango umefungwa ili watoto na wapita njia wasisikie. Wakakubaliana waende kuzungumza na wazazi wa kijana: tutaingia kwao Jumamosi, twende wengi ili watuheshimu, na kwa kuwa sisi si wagomvi, tusiende mikono mitupu. Walikuwa wameshanunua blanketi mbili na sukari.

"Wanaume walijificha kwa sababu ya aibu," mke wa Ndung'u akamwambia Wambui. "Sasa aibu imewafungia mtu."

Ripoti peke yake haikutosha, na Wambui alilijua hilo bila mimi kumwambia. Ofisi ingesema konstebo wa mafaili, tena Mkikuyu, anawatetea watu wake. Akaenda kwa Njoroge. Mzee alimkatalia mara ya kwanza kupitia dirishani. Alimkatalia mara ya pili mlangoni. Mara ya tatu Wambui aliingia akaketi jikoni na mkewe, akamsaidia kumenya viazi, akasema kwa sauti ya kusikika chumba cha pili kwamba yeye haondoki, na kama Mzee anaona haya kusema jina la mtoto wake, basi aone pia haya kula chakula cha jioni wakati rafiki yake hajui atakula nini.

Alhamisi asubuhi walikuwa ofisini kwetu, Wambui mbele, Njoroge nyuma amevaa koti la kanisani. Nilimpeleka mwenyewe kwa Bwana Mutiso. Mzee hakuketi.

"Huyo mtu mumeshika," akasema, Kiswahili chake kikijikwaa, "ameuliswa aseme tulikuwa tunaenda kwa nani. Na yeye amekataa kusema. Mnajua ni kwa nini amekataa?"

"Tuambie, Mzee," Bwana Mutiso akasema.

"Ni kwa sababu nilimwapisha. Nilimwambia jina ya msichana yangu isitoke kwa hiyo chumba. Na hiyo ndiyo yeye analinda. Siyo serikali anapiga vita." Kisha akataja jina la binti yake, jina la baba, jina la ukoo, na la kijana wa Lugari na wazazi wake na mahali wanapokaa, polepole, kama mtu anayevua nguo mbele ya wageni. "Sasa nimesema. Mfungueni."

Bwana Mutiso akamwomba Mzee aketi, akaagiza chai. Mzee hakuinywa. Kisha bosi wangu, mpole wa suti za udongo, akanyanyua simu na kuita Nairobi, na nilimsikia akisema kwamba ripoti ya Turbo ilikuwa na kasoro ya tafsiri na kwamba anaifuta kwa jina lake mwenyewe. Hakusema langu. Nimewatumikia wakubwa waliojua kazi kumzidi, lakini hakuna niliyemheshimu zaidi yake siku hiyo.

Ndung'u aliachiliwa wiki hiyohiyo. Alitoka akiwa anachechemea.

Msinitafutie hukumu ya haki katika yaliyofuata. Sammy alirudi kutoka livu akahamishiwa Nairobi, kwenye nafasi nzuri. Mwenye ile hardware nyingine aliendelea kuuza saruji. Bwana Mutiso alipelekwa mkoa mwingine kabla ya mwaka kwisha, na mimi niliandikiwa barua ya kuuliza kwa mamlaka gani niliwapa watu livu wakati Turbo iko katika hali ya tahadhari. Nilijibu kwa kunukuu kanuni za livu, kifungu kwa kifungu, bila methali hata moja. Hawakuandika tena.

Nilichokitaka nilikipata, na nilikipata kwa kung'ang'ana. Niliandika mpaka wakachoka kunisoma kwamba Wambui abaki Turbo. Walisema ni mwanamke. Niliandika. Walisema ni Mkikuyu. Niliandika. Walisema hakuna nyumba ya ofisa wa kike. Nikamtafutia chumba mwenyewe, nikaandika kwamba nyumba ipo. Alikaa huko miaka mingi, na ripoti kutoka Turbo zikapungua zikawa chache kuliko za kituo chochote. Mkubwa mpya alilalamika kwamba kituo kimelala. Nilimwambia kituo kimeamka, ndiyo sababu hakisemi ovyo.

Ninyi mnaokuja sasa mna mashine zinazowaonyesha pengo kwa rangi. Ni vizuri. Lakini mashine itawaambia kiti kimejaa. Mwulizeni aliyekaa juu yake alicheka lini mara ya mwisho kwa lugha ya watu anaowasikiliza.

Mara moja, mwaka mmoja au miwili baada ya Ndung'u kuachiliwa, nilikuwa naezeka jikoni kwangu nikahitaji misumari ya mabati. Nilikuwa napita Turbo. Ningeweza kununua Eldoret, lakini niliingia kwa Ndung'u. Sikujua nataka nini. Labda nilitaka tu kumwona amesimama nyuma ya kaunta yake.

Alikuwa amesimama, ameegemea upande mmoja. Alinipimia misumari, akaifunga katika gazeti. Sikumwambia chochote, kiapo hakiruhusu, na hata kingeruhusu, ningesema nini? Kwamba sisi tuliomtoa ni sisi tuliomtia? Aliniangalia kwa mara ya kwanza; sura zetu zilijulikana na wenye maduka wa barabara ile yote.

"Wewe mama ni wa ile ofisi ya Eldoret."

"Ndiyo, Baba."

Alienda taratibu hadi chumba cha nyuma, akausukuma mlango ukafunguka kabisa, mpaka ukagonga ukuta, nikaona mifuko ya saruji na dirisha. Kisha akarudi.

"Hapa hakuna maneno, Mama," akasema. "Hapa ni misumari tu."

Nikamlipa, nikamshukuru. Jumatatu nilikuwa mbele ya ubao mapema kabla ya chai, natafuta mtu anayesikia Kisabaoti, awe tayari kabla yule wa Mlima Elgon hajastaafu.